Dirisha la wazee

Leo nimempeleka bibi kliniki ya presha, daladala mbili kutoka Buhongwa, hapa Mwanza. Dirisha la wazee lipo, kibao kimebandikwa, ila ndani hakuna mtu. Tumekaa kwenye benchi mpaka saa saba. Bibi kafungua fundo la kitenge, kahesabu noti zake: "Mjukuu wangu, dawa hamna tena?" Hamna, tukanunue nje.

Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003 jamani. Zanzibar tangu 2016 mwenye miaka 70 anapata pensheni kila mwezi, hata kama hakuwahi kuajiriwa. Huku bara pensheni ya bibi ni mimi, na mimi nauza dagaa Kirumba (msimu wenyewe mnaujua). Mhudumu wa afya si angepita tu nyumbani, hata mara moja kwa mwezi?