Viti vimejaa, rafu hazijaguswa: programu ya vijana kwenye maktaba ya umma Dodoma

Mitihani ya kidato cha nne ikikaribia, maktaba ya umma hujaa vijana. Tazama juu ya meza: madaftari yao, mitihani ya miaka iliyopita waliyotoa fotokopi, simu. Vitabu vya rafuni viko vilevile vilivyopangwa asubuhi. Kijana amefuata kiti, utulivu na taa, na kumpatia hivyo ni huduma halali kabisa. Lakini anayepanga programu ya vijana aanzie hapohapo: kazi yake ni kumfanya aliyefuata kiti aondoke na kitabu. Programu isiyolenga hilo huwa na uzinduzi mzuri, picha na fulana, kisha wiki ya tatu ukumbi mtupu.

Kwa Dodoma napendelea likizo ya Juni kuliko ya Desemba. Desemba mvua zinaanza, na familia zenye mashamba Bahi, Chamwino au Kongwa zinawahitaji vijana kulima na kupalilia. Juni nako kuna mavuno, ila hayamshiki kijana muda mrefu kama palizi.

Wiki 4, mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila kipindi, zinatosha. Jumanne na Alhamisi, saa 8:30 mchana hadi saa 10:00. Asubuhi kuna tuisheni. Ijumaa kuna swala, Jumamosi ni Sabato kwa Wasabato, na wikiendi wengi wako madrasa au mafundisho ya kipaimara. Saa 10:00 ifuatwe kwa dakika, maana binti anayetoka Nala au Ihumwa anasubiri daladala, na nyumbani kuna maji ya kuchota kabla ya magharibi. Ukimchelewesha mara mbili, mzazi hamruhusu tena, na ana haki.

Jambo linalokwamisha programu nyingi ni fomu ya uanachama. Kwa kawaida kijana anahitaji mdhamini, na mara nyingi ni mhuri wa shule. Juni shule zimefungwa! Kwa hiyo fomu zigawiwe shuleni mapema Mei, zirudi zimejazwa kabla ya kufunga. Aliyemaliza shule muulizie mkutubi kama barua ya mtendaji wa mtaa inakubalika. Na kama wewe ni mwalimu au mtu wa kujitolea, mwandikie mkutubi wa mkoa mapema zaidi. Maktaba za mikoa ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na baadhi ya maombi hupita ngazi kadhaa kabla ya kukubaliwa.

Kikundi kiwe cha vijana 15 kwa msimamizi mmoja. Wakizidi 20, wapole hunyamaza. Tafuta nakala 5 za hadithi moja fupi ya Kiswahili, watatu kwa nakala moja. Dakika 10 za kukusanyika, 30 za kusoma kwa sauti kwa zamu, 20 za mazungumzo, 30 za mwisho kwenye rafu na meza ya kuazimia. Hizo 30 zisiguswe. Ukisema “anayetaka kuazima abaki baadaye,” hatabaki mtu, wote wanawahi usafiri. Kuazima kuwe ndani ya kipindi.

Anza na Kiswahili hata kama wote ni wa sekondari. Kijana wa kidato cha kwanza mara nyingi ametoka kusoma karibu kila somo kwa Kiswahili, sasa vitabu vyake karibu vyote ni vya Kiingereza, na amechoka kujiona hajui. Kiingereza chepesi kiingie wiki ya 3. Mwekee kila mmoja ruhusa ya kusema “napita” zamu yake ikifika, na asisahihishwe mbele ya wenzake. Anayesoma kwa kusitasita ndiye hasa tunayemtafuta, na aibu ya siku moja inatosha kumfukuza moja kwa moja.

Rafu zifundishwe kwa mkono. Andika kwenye kadi namba chache za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, zinazogusa maisha yao: 896.392 fasihi ya Kiswahili, 510 hesabu, 636.5 kuku, 634.8 zabibu. Hiyo ya zabibu Dodoma haikosi mtu, kwani wengi wana ndugu mwenye shamba. Wape dakika 2 kutafuta. Watakosea kwenye desimali: wataweka 636.08 baada ya 636.5 kwa kuwa 8 ni kubwa kuliko 5. Waonyeshe kulinganisha tarakimu moja baada ya nyingine kuanzia kwenye nukta, 0 inatangulia 5, basi 636.08 inakaa kwanza. Akishaelewa hilo hahitaji tena kuuliza, na asiyehitaji kuuliza huzunguka rafuni kwa raha.

Wazazi huogopa faini. Waeleze kabla hawajasaini: kitabu kimoja, siku 14, kikipotea utaratibu ni huu. Kwa wanaosoma bweni, tarehe ya mwisho ya kurudisha iwe wiki nzima kabla ya shule kufunguliwa, la sivyo kitabu kitasafiri mpaka Tabora au Iringa na mwenye nacho.

Upepo wa miezi hiyo huleta vumbi jingi. Vitabu vifutwe kwa brashi laini au kitambaa kikavu, kitabu kikiwa kimefungwa na kubanwa, kuanzia upande wa mgongo kwenda nje. Kitambaa chenye maji hugeuza vumbi kuwa tope linaloingia kwenye kingo za kurasa. Vijana wenyewe wanaweza kazi hii, na mikono iliyofuta kitabu hukifungua pia.

Kompyuta zikiwa 4, gawa zamu za dakika 30 kwa orodha ya majina ukutani. Intaneti ikisumbua, Wikipedia ya Kiswahili inapakuliwa mara moja kwa programu ya Kiwix na kusomwa bila mtandao. Intaneti ikiwepo, Maktaba Mtandao ya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania) ina vitabu vya kiada.

Waliomaliza shule wana haja nyingine, maombi ya vyuo, mkopo na ajira, nayo hukwama kwa mambo madogo. Namba ya mtihani iandikwe kamili na mwaka wake. Jina la cheti cha kuzaliwa lilingane na la cheti cha shule, na lisipolingana aulize utaratibu wa kiapo mapema, kabla ya wiki ya mwisho ya maombi. Akaunti isifunguliwe kwa namba ya simu ya mjomba wala kwa barua pepe ya mwenye stesheneri, kwa kuwa ujumbe wa uthibitisho utaenda huko. Afungue barua pepe yake palepale, nywila aiandike kwenye daftari lake, kisha atoke na kuingia tena mbele yako kabla hajampisha mwenzake.