Kusi la mwaka huu na Bibi Hajar

Assalam alaykum wapenzi, nimepotea kidogo humu, nisameheni, kulikuwa kugumu.

Mnaonijua mnajua mimi nakaanga dagaa na vibua hapa Ngamiani, Tanga, na mume wangu ni baharia. Sasa kusi, upepo ule wa mwezi wa saba, likaja na nguvu, vyombo vikapandishwa pwani, halafu kusi lilipotulia kidogo ikawa mbalamwezi, na dagaa huvuliwa gizani kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa hamna kitu. Karibu wiki tatu baba watoto anashinda barazani anashona nyavu ambazo zilishashonwa.

Siku moja nimefungua fundo kwenye pindo la khanga nikakuta shilingi 1,500. Ndo hiyo tu ndani ya nyumba. Mwanangu wa mwisho ananiuliza mama leo uji una sukari, nikamwambia leo uji wa chumvi, akanywa wala hakulalamika, na kule kutolalamika kwake ndo kuliniumiza zaidi.

Asubuhi ile nikachukua beseni nikapanda baiskeli mpaka soko la Deep Sea. Hamna. Nikarudi. Saa tisa nikaenda tena, labda kuna ngalawa imetoka, nipewe hata kwa mkopo. Hamna, beseni langu limekauka vilevile. Narudi nalia njiani jamani, na nikawa namuwaza Bibi Hajar, mke wa Nabii Ibrahim. Ameachwa bondeni na mtoto wake mchanga Ismail, hakuna maji wala mtu, akamuuliza Nabii Ibrahim, je ni Allah aliyekuamrisha hivi? Akaambiwa ndiyo. Akasema basi hatatupoteza. Lakini hakukaa chini mwenzangu! Maji yalipomwishia na mtoto analia kiu alipanda kilima cha Swafa akaenda cha Marwa, mara saba, na maji hayakutoka Swafa wala Marwa, yalitoka pale alipomwacha mtoto.

Hapo pananigusa sana, kwasababu watu wengi tukisikia tawakkul, yaani kumtegemea Allah, tunadhani ni kukaa mkekani kusubiri, na wengine wanamwambia mwenye njaa vuta subira kisha wanafunga mlango wao wanakula. Hiyo siyo.

Basi nafika nyumbani namkuta mama mmoja wa barabara ya pili kutoka kwetu kakaa kwenye kibao changu ananisubiri, wana hitma ya marehemu mama yao Ijumaa, wanataka maandazi 400, aliyekuwa awapikie kaumwa. Kaja na kiroba cha unga cha kilo 25, sukari, mafuta, nazi na hela ya mkono nusu kabisa, akasema bibi kitakachobaki ni chako. Mimi nimeenda pwani mara mbili na riziki imekaa kwenye kibao changu cha mbuzi!

Nilikanda usiku mzima, iliki inanukia mpaka jirani akagonga kuja kusaidia kusukuma. Unga uliobaki nikapika maandazi ya kuuza asubuhi, siku nne, mtoto akanywa uji wa sukari.

Kodi ya mwezi mmoja bado nadaiwa, sifichi, na nimeongea na mwenye nyumba kanipa muda Alhamdulillah. Leo giza limeanza, baba watoto katoka na wenzake baada ya magharibi na taa zao, beseni nimeliosha liko mlangoni.