Siku moja maishani mwangu: siku ya kutuma bodi kiwandani

Saa 11 alfajiri

Naamka kabla ya adhana ya pili, nachemsha chai ya tangawizi, nafungua kompyuta juu ya meza ileile inayotumika kulehemu. Leo ndiyo siku niliyomwahidi mzee jirani yangu, mwenye mashine: bodi ya saketi ya toleo la tatu iende kiwandani. Ni bodi ya kuongoza mashine ya kutotolesha vifaranga, ya mayai 300. Kazi yake ni kushika joto kwenye nyuzi 37.5, kugeuza mayai, kuangalia unyevu, na kupiga kelele umeme ukirudi na joto halijapanda.

Naichora kwa KiCad. Kwa asiyeifahamu, ni programu huria ya kuchora saketi na kupanga bodi yake, kuanzia mchoro wa kwanza hadi mafaili ya kiwandani. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo huko Grenoble, Ufaransa, na baadaye wahandisi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, wakaongeza nguvu zao. Huilipii, haikubani kwa ukubwa wa bodi, safu za shaba zinafika hadi 32, na hakuna leseni itakayokwisha katikati ya kazi. Nilianza na programu ya kulipia kwa toleo lake la bure, ambalo halikuniruhusu kuchora bodi kubwa kuliko sentimita za mraba 80. Bodi yangu ya kwanza ya maana ilizidi hapo. Nakumbuka usiku ule nilivyokaa napunguza vipuri vilivyohitajika ili tu niingie ndani ya mstari. Tangu nihamie huku sijawahi kukata kipuri kwa sababu ya mstari wa mtu mwingine.

Saa hizi za alfajiri nazitumia kwa jambo gumu kuliko yote, na leo jambo lenyewe ni rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme.

Kila fundi anaijua rilei ile ndogo ya buluu, ya koili ya volti 5: koili ndiyo inayovuta, kontakti ndizo zinazofunga na kufungua umeme mkubwa. Ni rahisi, ipo kila duka, nayo ndiyo iliyokaa kwenye matoleo mawili ya mwanzo. Tatizo ni mpangilio wa miguu yake. Mguu wa kati wa kontakti, ambao kwangu unabeba 230 V, umekaa katikati ya miguu miwili ya koili, ambayo iko upande wa 5 V. Kutoka kitovu cha mguu mmoja hadi mwingine ni kama milimita 6.3, na ukiondoa shaba ya kulehemia inayozunguka kila tundu, pengo linabaki milimita nne hivi. Ndani ya mashine hii kuna trei ya maji. Waya wa kihisi unatoka upande wa 5 V na kuingia humo ndani, na mama anayepanga mayai anaugusa kwa mikono mibichi. Mimi siwezi kulala na milimita nne.

KiCad 9, iliyotoka Februari 2025, ina kanuni ya kupima umbali ambao umeme unaweza kutambaa juu ya uso wa bodi, na inahesabu hata mpasuo uliokatwa kwenye bodi kama kizuizi. Nikaandika kanuni: kati ya njia za shaba za 230 V na zile za 5 V, milimita 8, si pungufu. Nikawasha ukaguzi. Rilei ya buluu ikajaa alama nyekundu. Kukata mpasuo kuuzunguka mguu wa kati kunarefusha njia ya juu ya uso, lakini hewani umbali unabaki uleule.

Basi nimeamua. Naiacha. Nachukua rilei ndefu zaidi, ambayo koili iko mwisho mmoja na kontakti mwisho mwingine. Hasara yake naijua: haipatikani Kariakoo, lazima iagizwe pamoja na bodi, na kipuri kisichopatikana ni kifo cha mashine huko vijijini. Kwa hiyo kila mashine itatoka na rilei mbili za akiba kwenye mfuko, zimebandikwa ndani ya kifuniko. Vipuri vingine vyote vibaki vya dukani: chipu ni ATmega328P ya miguu 28 iliyokaa kwenye soketi, inachomolewa kwa bisibisi bapa. Kuna chipu za kisasa zaidi, lakini hii fundi wa Ifakara anaweza kuibadilisha bila kuhangaika na vilehemu vidogo kama chawa.

Kufikia saa 1 na nusu nimepanga upya upande wa kushoto wa bodi. Njia za taa za joto nimezipa milimita 3. Taa nne za wati 60 zinavuta ampea moja hivi, na kikokotoo kilichomo ndani ya KiCad kinasema milimita 0.3 zingetosha. Lakini najua ipo siku mtu ataongeza taa bila kuniambia.

Saa 2 asubuhi

Napita kwa mzee, hatua chache kutoka kwangu hapa Kimara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo siku ya kumi na nane."

Siku ya kumi na nane mayai hayageuzwi tena, na unyevu unapandishwa hadi asilimia 65 au 70 ili utando wa ndani usikauke kifaranga akashindwa kutoka. Mashine yake inaendeshwa na bodi yangu ya toleo la pili, ile ambayo transista mbili zimegeuzwa nyuma mbele.

Hilo lina kisa chake. Niliichora kwa transista aina ya BC547, ndiyo inayoiwasha rilei. Koili ya rilei ya buluu inavuta miliampea 71 hivi, na BC547 mwisho wake ni 100, inaweza lakini kwa kubanwa. Nilipofika dukani hazikuwepo, nikauziwa transista nyingine, 2N2222 za plastiki, kwa neno kwamba "hizi zinaingiliana tu". Kwa nguvu zinaingiliana, tena ni bora. Kwa miguu hapana: ukiitazama ubapa wake, BC547 inakwenda kolekta, besi, emita, na hizi zilikwenda emita, besi, kolekta. Rilei zikakaa kimya. Nilipoteza siku mbili nikitafuta kosa kwenye programu ya chipu, kumbe kosa lilikuwa mbele ya macho. Besi iko katikati kwa zote mbili, kwa hiyo dawa ikawa kuzizungusha nusu mzunguko. Bodi ya mzee inafanya kazi hivyo hadi leo, lakini michoro myeupe iliyochapwa juu ya bodi inaonyesha kinyume cha kilichomo, na fundi atakayekuja kuitengeneza itampoteza. Ndiyo maana toleo la tatu lina herufi E, B, C karibu na kila mguu.

Mzee ana ombi moja: maandishi yawe ya Kiswahili. "Huyu binti anayelinda usiku asome mwenyewe, asinipigie simu saa nane." Nimemwonyesha kwenye simu picha ya bodi ya 3D: JOTO, UNYEVU, GEUZA, na upande wa kushoto HATARI 230 V. Aliisoma moja moja, polepole, akatikisa kichwa kukubali.

Saa 5

Mwendokasi hadi Gerezani, nimesimama njia nzima. Kariakoo nanunua kipuri kimojakimoja cha kila aina nilichokichora, isipokuwa rilei. Sinunui vya bodi zote kumi. Nataka vya kushika mkononi tu, maana karatasi ya vipimo ya mtengenezaji wa kipuri inasema hivi na kilichopo kwenye kopo la muuzaji kinaweza kusema vingine. Soketi, kapasita, dayodi, terminali za skrubu za waya nane: mbili za kuingiza umeme, mbili za taa, mbili za mota ya kugeuza, mbili za feni.

Saa 8 mchana

Hapa ndipo ninapowasihi wanaoanza wasiparuke. Naingia steshenari, nachapa bodi kwenye karatasi ya A4 kwa kipimo halisi, 1:1. Namwomba dada wa kompyuta asiruhusu printa "kutosheleza ukurasa", kisha napima kwa rula ukingo wa bodi kwenye karatasi. Lazima usome milimita 98. Umesoma 98. Naibandika karatasi juu ya kipande cha boksi, natoboa matundu kwa sindano, nachomeka vipuri.

Soketi imeingia. Kapasita zimeingia. Terminali ya waya nane imeingia mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kuanzia wa sita ikaanza kugoma.

Nikajua papo hapo. Mimi nilichora milimita 5.00 kati ya mguu na mguu, nami nimeuziwa ya 5.08. Kwenye terminali ya waya mbili hutaona tofauti maisha yako yote. Kwenye ya waya nane kuna nafasi saba katikati, na saba mara 0.08 ni 0.56. Zaidi ya nusu milimita! Bodi kumi zingefika kutoka Shenzhen, na ningekaa nazipanua matundu kwa keekee, nikikwangua shaba iliyobeba 230 V. Karatasi moja ya steshenari imeniepusha na hilo.

Saa 9 na nusu

Nimerudi nyumbani, umeme hakuna. Betri ya kompyuta ina asilimia 60, inatosha. Nabadilisha umbo la terminali, nasukuma njia mbili kando. Ukivuta njia moja, KiCad inazisogeza jirani zake zenyewe bila kuzikata. Kisha nagusa herufi B ili maeneo ya shaba yajazwe upya.

Kijana wangu wa mafunzo kwa vitendo amefika. Ana kompyuta ya mtumba ya gigabaiti 4, na KiCad inaenda vizuri humo, tumeacha tu modeli za 3D zisizohitajika. Leo nimempa kazi ya upande wa kihisi. Amefanya vizuri, ila kapasita ya nanofaradi 100, kile kihifadhi kidogo cha umeme cha chipu, ameiweka pembeni kabisa, sentimita nne kutoka kwenye chipu, palipokuwa na nafasi.

"Mbona imeunganishwa, kaka? Mstari upo."

"Mstari upo, mdogo wangu. Lakini chipu inapowasha mota inataka umeme sasa hivi, siyo baada ya kuzunguka bodi nzima."

Tumeisogeza hadi kwenye miguu ya umeme ya chipu, wa 7 na wa 8, na nyingine kati ya wa 20 na wa 22. Ameuliza kama anaweza kuondoka na mradi mzima akausome nyumbani. Nimempa kwenye flashi. Mafaili ya KiCad ni maandishi matupu, ukiyafungua kwa kihariri cha kawaida unasoma jina la kila kipuri na mahali kilipo. Mimi mwenyewe nilijifunza redio kwa fundi aliyekuwa akificha michoro yake chini ya godoro. Simlaumu, ndiyo ilikuwa riziki yake. Lakini nilijiapiza kwamba atakayejifunza kwangu ataondoka na mchoro.

Saa 2 usiku

Umeme umerudi. Ukaguzi wa mchoro: makosa sifuri. Ukaguzi wa bodi: kosa moja, njia ya feni imesogea hadi milimita 7.6 kutoka upande wa 5 V. Naisogeza. Sifuri.

Natoa mafaili ya Gerber, yaani michoro ya bodi ambayo mashine za kiwanda zinaisoma, na faili la matundu, kisha nayafungua upya kwa kitazamio cha Gerber, kwa sababu kiwanda hakitaona mradi wangu, kitaona haya tu. Bodi ni milimita 98 kwa 96. Hilo nimelifanya makusudi, maana viwanda vingi vya Shenzhen huuza kwa bei ya chini bodi ya safu mbili isiyozidi 100 kwa 100. Hata hivyo nauli ya mzigo itazidi bei ya bodi zenyewe.

Saa 4 usiku

Nimeshajaza fomu, bado kulipa. Simu inalia.

"Kaka samahani kwa usiku. Nimeifungua bodi. Neno JOTO lipo chini ya rilei mpya. Ikishalehemiwa halitaonekana."

Nafungua. Kweli. Asubuhi nilipobadilisha rilei, mwili wake mrefu ulifunika neno lile, na ukaguzi haukuona kosa kwa sababu kwa kanuni zangu hakuna kosa. Neno ambalo binti wa usiku atalitafuta kwanza, na aliyeliona ni kijana wa mafunzo.

Nalisogeza milimita 9 kulia, penye taa nyekundu. Natoa Gerber upya, naziangalia upya, na kwenye kona ya nyuma ya bodi, chini ya tarehe na namba ya toleo, naongeza herufi za mwanzo za jina lake karibu na zangu. Saa 4 na dakika 50 nimelipa.