Jinsi nilivyofikisha samansi Sells, Arizona

Niliuza gari Tucson kwa mkopo, mnunuzi akaacha kulipa, nikafungua madai. Anaishi upande wa Sells, makao makuu ya Taifa la Tohono O'odham, jamii ya wenyeji asilia wa Marekani, ndani ya Kaunti ya Pima. Mdai haruhusiwi kupeleka samansi, yaani wito wa mahakama, mwenyewe, kwa hiyo nikamlipa mtu wa kazi hiyo. Akarudi na bahasha ile ile, kona zimekunjika. Anwani niliyompa ilikuwa sanduku la posta tu.

Nikafikiri dawa ni kumtuma ofisa wa sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti. Bahati nzuri nilimuuliza karani wa mahakama kwanza. Ardhi ile ina serikali, polisi na mahakama zake. Mwaka 1976, katika kesi ya Francisco, Mahakama ya Juu ya Arizona iliamua kwamba ofisa wa sherifu hana mamlaka ya kupeleka samansi huko. Ningelipia safari isiyo na faida, na wito ungebatilishwa.

Nikapiga simu mahakama ya Taifa lenyewe. Mama aliyepokea alinieleza kwa upole nakala zipi nilete, ada, na kwamba wao ndio watakaomtuma mtu wao. Nilichora ramani kwa mkono: nguzo ya maili barabara ya 86, njia ya vumbi, tangi la maji, nyumba yenye zizi. Ramani ile ndiyo iliyofanya kazi, naamini.

Kiapo cha kwamba samansi imekabidhiwa kikarudi kimesainiwa. Nikakiwasilisha kwenye jalada la kesi Tucson siku hiyo hiyo, nikapangiwa tarehe.