Deraya ya magamba imetuponza usiku huu
Jamani, tumetoka mezani sasa hivi. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kanuni za 2014. Mhusika wangu ni renja (mwindaji wa porini) mbilikimo wa vilimani, daraja la 1.

Wepesi 15. Kwa ukoo wake, Ustahimilivu 14 unapanda hadi 16, Busara 13 inakuwa 14. Uhai unaanzia 14: 10 za urenja, 3 za ustahimilivu, 1 ya ukoo wake.

Mwendo futi 25 tu, mzito huyo! Ndiyo maana upinde mrefu unamfaa, mshale unafika futi 150 bila tabu. Na msidhani ni mdogo mno kuutumia. Kikanuni mbilikimo ni umbo la kati, si dogo.

Shida ni deraya ya magamba. Kinga 16, tamu kweli. Lakini ukinyata unarusha dadu ya pande 20 mara mbili, unachukua iliyo ndogo.

Ikatoka 17.
Kisha 3.

Magoblini, viumbe adui tuliokuwa tukiwanyatia, yakageuka yote. Meza kimya, na ile 17 haina kazi tena.

Ya ngozi inashusha kinga hadi 13, ila unarusha mara moja tu.

Nyie mngemvika ipi?