Jeli ya kuziba nyufa za mwamba wa mafuta

Juzi mama mdogo kaniuliza kwenye simu, mwanangu hiyo jeli unayosoma kila siku ni ya nywele au? Nikamwelezea mpaka salio likakata, sasa naandika na hapa.

Iko hivi, mafuta ghafi hayajakaa kwenye ziwa huko chini, yamejificha kwenye vitundu vidogo vidogo vya mwamba, na presha ikishuka watu wanachimba kisima pembeni wanasukumia maji ili yayasogeze mafuta yaje kwenye kisima cha kutolea. Tatizo ni mwamba wenye nyufa. Maji hayahangaiki na vitundu, yanashika ufa yanatokea upande wa pili na mafuta yanabaki palepale. Ufa ukiwa mpana mara 2, kwa presha ileile unapitisha maji mara 8! Kwahiyo kisima kinatoa maji ya chumvi tu, pampu inakula umeme, maji yenyewe inabidi uyasafishe au uyarudishe chini, na mafuta yapo kabisa, inauma.

Hapo ndo jeli inaingia. Unachanganya maji na polima ya akrilamaidi (kemikali yenye molekuli ndefu kama nyuzi) kama nusu asilimia, halafu asiteti ya kromiamu (chumvi ya madini ya kromiamu) kidogo sana, kwenye majaribio ya maabara mara nyingi ni kama asilimia 0.04. Kromiamu inazifunga nyuzi za polima pamoja na mchanganyiko unaganda. Robert Sydansk na wenzake wa kampuni ya mafuta ya Marathon Oil waliileta miaka ya 1980, wakitumia aina ya kromiamu inayoitwa kromiamu 3 ambayo sumu yake ni ndogo kuliko ile kromiamu 6 ya kabla, na ikapigwa kwenye visima vya Bonde la Bighorn kule Wyoming, Marekani, ambako miamba ina nyufa za asili.

Sasa kinachonivutia mimi ni hiki, jeli ikishaganda haiwezi kupenya vitundu vya mwamba, yani inapita kwenye ufa tu, kulekule maji yanakotorokea, njia ya mafuta inaachwa. Randy Seright wa chuo cha New Mexico Tech, Marekani, kaisoma hii miaka na miaka. Kaonyesha kwamba jeli ikisukumwa ndani ya ufa, maji yake yanachujika kuingia mwambani, yenyewe inazidi kukaza kama ugali unavyokaza ukiendelea kuusonga, kwahiyo ukitaka ifike mbali isukume haraka na uandae mzigo wa kutosha.

Ila msikimbilie kupampu jamani. Kama mwamba hauna nyufa, ule mchanganyiko kabla haujaganda utaingia hata kwenye tabaka la mafuta na utayafungia humohumo. Kujua kama nyufa zipo, anza na kutia kifuatilizi (kitu unachochanganya na maji ili ujue yanatokea wapi) kwenye kisima cha kusukumia maji, kisha kaa uchukue sampuli kisima cha pili. Kikitokea ndani ya siku chache wakati visima viko mbali, basi kuna ufa umeviunganisha, hapo agiza polima.