Tul Bahadur Pun, mzee aliyebebwa kwenye tenga

Kila ifikapo Aprili humkumbuka mzee wa Kinepali ambaye sikupata kukutana naye, Tul Bahadur Pun, aliyefariki tarehe 20 Aprili 2011 akiwa na umri wa miaka 88. Nilianza kumfuatilia kwa sababu ya babu yangu mzaa mama, aliyekuwa Keya, yaani askari wa Kiafrika wa Waingereza katika King's African Rifles, na ambaye mwaka 1944 alipelekwa Bama (Myanmar ya leo) pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakalipita Bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria. Babu hakupenda kuzungumzia vita. Alituachia kopo la chai lenye cheti cha kuachishwa jeshi, kilichokunjwa mara nne, na nishani moja isiyo na utepe.

Pun alipigana upande mwingine wa Bama hiyo hiyo, katika batalioni ya 3 ya rejimenti ya 6 ya Wagurkha, askari wa Kinepali waliotumikia jeshi la Uingereza. Alfajiri ya tarehe 23 Juni 1944, walipokuwa wakiushambulia mji wa Mogaung, seksheni yake karibu yote iliangushwa na risasi zilizotoka kwenye nyumba ambayo askari waliiita Nyumba Nyekundu. Walibaki watatu, kisha kamanda wao na yule mwenzake wakajeruhiwa pia. Pun aliichukua bunduki ya Bren, akawa anafyatua akiwa ameishika kiunoni, akasonga peke yake kiasi cha yadi 30 katika uwanja mtupu, huku matope yakimfika vifundoni na mwanga wa mapambazuko nyuma yake ukimwanika mbele ya adui. Alifika, akaua watatu, watano wakakimbia, akateka bunduki mbili za rashasha, kisha akawafyatulia Wajapani ili wenzake wasonge mbele. Kwa hilo alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza.

Aliendelea na jeshi hadi mwaka 1959, akarudi milimani kwao Myagdi. Uzeeni, moyo ukiwa mgonjwa, ilimbidi abebwe kwenye tenga mgongoni mwa watu ili aifuate pensheni yake. Alipoomba viza ya kwenda kutibiwa na kuishi Uingereza, alinyimwa, na sababu aliyopewa ni kwamba hakuonyesha kuwa na uhusiano wa karibu na nchi hiyo. Nimeisoma sababu hiyo mara nyingi na bado inanichoma, kwa kuwa sijui ni uhusiano gani unaozidi ule wa kuivuka Mogaung peke yako chini ya bendera yao.

Uamuzi huo ulitenguliwa mwaka 2007, naye angeweza kuridhika na kibali chake na kunyamaza. Badala yake alijitokeza kwa ajili ya wenzake waliostaafu kabla ya Julai 1997, ambao hawakuwa na haki ya moja kwa moja ya kuhamia Uingereza, akisimama pamoja na mwigizaji Joanna Lumley, ambaye baba yake alikuwa meja katika rejimenti ile ile. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya London iliona kwamba sera ya serikali haikuwa halali. Tarehe 29 Aprili 2009 serikali ilishindwa bungeni katika kura juu ya suala hilo, kwa kura 267 dhidi ya 246. Na mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba kila Gurkha mstaafu aliyetumikia angalau miaka minne ataruhusiwa kuhamia.

Makeya hawakupata mtetezi mwenye sauti kama hiyo. Malipo yao ya kumaliza vita yalipangwa kwa rangi ya ngozi, hata askari Mzungu wa cheo kile kile aliweza kupata mara tatu ya Mwafrika, na wengi walizikwa bila kulijua hilo, babu yangu akiwa mmoja wao. Ndiyo maana kampeni ile niliifuatilia kana kwamba ilikuwa ya ukoo wetu.

Pun hakufia London. Alikuwa amerudi Nepal kuhudhuria ufunguzi wa shule, na mauti yakamkuta kijijini kwao.